Moina waliogandishwa na vifaranga wa kambale: nani hasa anameng'enya chakula tumboni?

BabaShani_Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na uchungu, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Nafuga kambale hapa Ujiji. Mwaka huu niliamua kuacha kununua vifaranga na kuzalisha mwenyewe. Jike nilimpata kwa mfugaji mmoja wa bonde la Luiche, mayai yakaanguliwa ndani ya siku moja na ushei, vizuri kabisa. Siku mbili za mwanzo vifaranga walilala chini ya beseni wamerundikana, wanaishi kwa kiini walichozaliwa nacho. Siku ya tatu kiini kikaisha, wakaanza kuinuka na kutafuta. Wenye uzoefu mnajua kwamba kazi inaanzia hapo.

Chakula nilishaandaa, moina. Kwa wasiowajua, ni vidudu vya maji baridi, jamii moja na kamba na kaa, mkubwa wao ni kama milimita moja tu, anadundadunda majini kama kiroboto. Nawafuga kwenye mapipa matatu nyuma ya nyumba, kwa hamira na maji ya samadi ya kuku iliyokauka. Wiki moja kabla ya kuzalisha, mapipa yalifurika mpaka maji yakawa na wekundu. Nikaona wakiachwa watakufa wote bure. Nikawavuna, nikawaosha, nikawapakia kwenye vifuko vile vya barafu za watoto, nikawagandisha kwenye friji. Nilijiona nimepata akiba ya maana.

Siku ya tatu nikayeyusha kifuko cha kwanza, nikamimina. Haikupita muda maji yakapata weupe kama maji yaliyooshewa mchele. Moina wakatua chini, hawachezi. Vifaranga waliowafikia wakala, wengine wakapita juu yao kama hawaoni kitu. Nikaendelea hivyo hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tano wakaanza kufa. Siku ya saba nilikuwa nawakusanya kwa chujio la chai.

Mmoja niliyemkuta anapumua kwa shida nilimweka kwenye kipande cha kioo nikamwangalia kwa lenzi. Mwili wake unapitisha mwanga, moyo unaonekana unavyopiga. Na utumbo ulikuwa umejaa! Moina wamepangana humo kama shanga, kila mmoja na lile jicho lake moja jeusi. Kifaranga ameshiba na bado anakufa kwa njaa. Picha hiyo hainitoki.

Swali langu: kuna mtu aliwahi kunifundisha kwamba kifaranga mchanga hana vimeng'enya (vile vinavyokata chakula tumboni) vya kutosha, kwa hiyo anavikopa kwa moina hai anayemmeza. Je, ni friji ndiyo iliyoua vimeng'enya? Na kama ni hivyo, naweza kuvirudisha kwa kuchanganya na kitu kingine? Nimefikiria utomvu wa papai bichi, kwa sababu hata nyama ngumu unailainisha.

DagaaKibirizi

Pole sana kaka. Hasara ya vifaranga inauma kuliko ya samaki wakubwa. Nafuatilia, maana na mimi nilikuwa najiandaa kuanza.

BwawaLangu

Mkuu pole. Mimi ningesema achana na moina kabisa. Siku ya tatu hiyo hiyo waanzishie chakula cha unga chenye protini nyingi, saga laini kama poda. Mambo ya mapipa na samadi ni kujitesa.

Darubini

BabaShani pole sana. Nipo Kigoma mjini, kazi yangu ni maabara, na hili la vimeng'enya vya vidudu hivi nimelisoma kwa miaka kwa kulipenda tu. Ngoja nianze na BwawaLangu, maana ushauri wake ukifuatwa kesho kuna mtu mwingine atalia.

Kaka BwawaLangu, kifaranga wa kambale wa siku tatu hana tumbo. Namaanisha ule mfuko wa tumbo wenye asidi, ambamo pepsini inakata protini. Ana mdomo, ana utumbo ulionyooka, ana ini na kongosho, basi. Mfuko wa tumbo unaanza kufanya kazi siku kama ya nne au ya tano tangu aanze kula. Kabla ya hapo protini inakatwa na tripsini inayotoka kwenye kongosho, ndani ya utumbo usio na asidi hata kidogo. Vipande vinavyobaki vikubwa, seli za utumbo wa nyuma zinavimeza hivyo hivyo na kuvimalizia ndani yake. Sasa umpe unga mkavu, wenye protini iliyopikwa ikakazana, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya samaki mwenye asidi tumboni. Ataujaza utumbo na utatoka kama ulivyoingia. Unga una wakati wake, na kwa kambale wakati huo hauko mbali, ndiyo maana wafugaji wengi wanawalisha chakula hai wiki moja tu hivi kisha wanawahamisha kidogo kidogo. Siku ya tatu bado.

Nikija kwako BabaShani. Moina ana vimeng'enya kweli, tena vingi. Yeye na binamu yake dafinia wana vya kukata protini, vya kukata wanga, vya kukata mafuta, na hata selulesi ya kukata kuta za mimea. Kwa dafinia aliyechunguzwa zaidi, sehemu kubwa ya nguvu ya kukata protini inatoka kwa tripsini na ndugu yake kaimotripsini. Pepsini ya asidi kama ya kwetu hanayo, utumbo wake wote unafanya kazi bila asidi. Kwa hiyo aliyekufundisha hakubuni: vimeng'enya vya moina vinapenda mazingira yale yale yaliyomo kwenye utumbo wa kifaranga. Ukilitazama hivyo, wazo la kukopa linaingia akilini, na limekuwa likifundishwa tangu miaka ya 1970.

Lakini watu walipoacha kukisia wakapima, hesabu ilikataa. Japani walichukua mabuu wa sadini waliolishwa rotifa, vidudu vidogo mno vya majini, wakatenganisha tripsini ya samaki na tripsini ya rotifa ndani ya utumbo mmoja. Matokeo yalitolewa 1998: ya rotifa ilikuwa asilimia 0.6 tu ya yote. Na kwa kambale wetu huyu huyu wa Afrika, aliyelishwa mayai ya artemia (kamba wadogo wa maji ya chumvi) yaliyoondolewa ganda, wapimaji nao walikuta mchango wa artemia ni mdogo sana. Kifaranga anajitegemea. Kongosho lake dogo lile ndilo linalofanya kazi.

BabaShani_Ujiji

Dada Darubini, asante, ila umenichanganya zaidi. Kama hakopi, mbona walio hai wanamfaa na wangu wa friji wamemuua? Tofauti si ni vimeng'enya tu? Moina ni yule yule, pipa ni lile lile.

Darubini

Hapana kaka, si yule yule tena. Fanya hivi kesho asubuhi kukiwa na mwanga. Yeyusha kifuko kimoja kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika 15, kisha chota moina mmoja umweke kwenye kile kioo chako. Pembeni yake mweke moina hai kutoka kwenye pipa. Watazame wote wawili kwa lenzi, halafu uje utuambie umeona nini.

Jambo moja kwanza. Ulisema utumbo ulikuwa umejaa moina wazima. Gamba la moina ni kaitini, kitu kigumu kumeng'enywa, na hata kifaranga mwenye afya analitoa likiwa na umbo lake. Kuona gamba tumboni hakukuambii kama amemeng'enya au hakumeng'enya. Tazama ndani ya gamba: pana nyama au pamebaki patupu?

MkulimaIgombe

Mwangaluka wote. Mimi mzee wenu wa Tabora, upande wa bwawa la Igombe. Nimesoma huku nikitikisa kichwa, kwa sababu nina kisa kinachofanana na kisichofanana. Sikugandisha kitu. Moina wangu walikufa wenyewe, wakiwa wanakula.

Ilikuwa mwezi wa tisa, maji yamepungua, jua kali. Maji ya bwawani yakawa kijani kibichi kabisa. Nikasema hii ni neema, moina anapenda maji ya kijani, nikayachota nikajaza matangi mawili. Siku za kwanza nikiwatazama kwa mwanga naona matumbo yao yamejaa kijani. Wiki haikuisha wakaanza kupungua. Hawazai. Waliobaki wana vile vifuko vya mayai meusi mgongoni, ambavyo najua ni dalili ya dhiki. Tangi la tatu, la hamira, halikupata shida yoyote. Nauliza: mdudu anawezaje kufa na njaa kwenye chakula?

Darubini

Shikamoo mzee wangu. Kisa chako ndicho kinachoonyesha vimeng'enya vya moina vina umuhimu wapi.

Kijani si kimoja. Kuna mwani wa kijani wa kawaida, huo ni chakula kizuri. Na kuna bakteria wanaofanana na mwani, wenye kijani cha kuelekea bluu, wanaojaa kwenye mabwawa yenye maji yaliyotulia, joto na mbolea nyingi. Kundi moja linaitwa maikrosistisi. Baadhi yao wana sumu inayojulikana, ile inayoua hata ng'ombe. Lakini wana silaha nyingine ambayo watu hawaisemi: wanatengeneza vijiprotini vinavyokwenda kukaa kwenye tripsini na kaimotripsini ya mdudu na kuzifunga, kama mtu aliyevunjia kijiti ndani ya kufuli. Mdudu anakula, utumbo umejaa kijani, visu vyote vimefungwa. Protini inapita bila kukatwa. Hakui na hazai, kama ulivyoona mwenyewe.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilifikiria. Dafinia akikutana na kizuizi hicho hakai kimya. Anaongeza utengenezaji wa vimeng'enya na kubadilisha aina anazotengeneza, na imeonekana mama aliyepitia hali hiyo anazaa watoto waliojiandaa zaidi yake. Ina maana ukoo ulioishi kwenye bwawa la namna hiyo unaweza kustahimili kuliko ukoo uliolelewa kwenye hamira. Wako walitoka wapi, mzee?

MkulimaIgombe

Marahaba mwanangu. Walitoka kwenye ndoo ya hamira, walilelewa humo zaidi ya mwaka. Hawakuwahi kuona maji ya bwawa. Umenifumbua.

Sasa kwa macho yangu haya, bila maabara, nitajuaje kijani kipi ni kipi?

Darubini

Chota maji kwenye chupa nyeupe inayoonekana ndani, iache mahali tulivu usiku kucha, usiitikise. Asubuhi ukikuta kijani kimepanda juu na kufanya utando kama rangi ya mafuta, na chini maji yameanza kuwa maangavu, hao ndio wabaya. Kijani kikibaki kimesambaa au kikizama chini, una nafasi nzuri. Si kipimo cha maabara lakini kinakuepusha na mengi. Na maji yenye utando huo usiyatie mikono bila sababu, wala mifugo isinywe.

DagaaKibirizi

Nimefurahi uzi umefika kwenye maji, maana nina langu. Sisi tunaokwenda ziwani usiku tunajua kuna vidudu vinavyopanda juu giza likiingia na kushuka mchana. Ndiyo dagaa wanaowafuata, na migebuka nao wanafuata dagaa. Nilidhani hao ndio moina wenyewe. Siku moja nikavuta kitambaa kizito nyuma ya mtumbwi, nikapata uji wa rangi ya chungwa kidogo. Hao hawawezi kulisha vifaranga? Tungeachana na samadi.

Darubini

Hao ni kopepodi, kaka. Moina na dafinia huwapati kule katikati ya ziwa Tanganyika, na hilo ni moja ya maajabu ya ziwa letu, kwa sababu maziwa mengine mengi yanao. Huku kwetu waliotawala ni kopepodi wa aina mbili tatu. Dagaa wote unaowapakua Kibirizi wamejengwa kwa mwili wa kopepodi.

Kwa chakula cha vifaranga kopepodi ni wazuri sana, wana mafuta ambayo artemia hana ya kutosha. Ila nina hofu mbili na mpango wako. Aina moja ya waliomo ziwani, wale wa kundi la saiklopi, ni wawindaji: mkubwa wao anaweza kumshika kifaranga mchanga na kumjeruhi. Pia kopepodi hawaongezeki kwa kasi ya moina. Moina hahitaji dume hali ikiwa nzuri, anaanza kuzaa akiwa na siku nne hadi saba, halafu anazaa tena baada ya kila siku mbili hivi. Kopepodi ni lazima wapandane, na mtoto anapitia hatua nyingi kabla ya kukomaa. Utakuwa unavuta kitambaa kila usiku. Halafu tulifungiwa ziwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, ili samaki wapumue. Kifungo kama hicho kikirudi utawalisha nini?

DagaaKibirizi

Hapo kwa kifungo umenimaliza. Pipa la samadi halifungwi na mtu. Nimekubali.

BabaShani_Ujiji

Wakuu nimerudi. Nimefanya kama dada alivyoagiza.

Moina hai: ndani kumejaa. Kuna utumbo umejikunja una rangi ya kahawia, kuna matone ya mafuta yanang'aa, mmoja alikuwa na watoto mgongoni wanacheza. Moyo unapiga kwa kasi huwezi kuuhesabu.

Moina wa friji: nilihisi nimekosea nimechukua gamba alilojivua. Nikachukua wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote hivyo hivyo. Gamba lipo, jicho jeusi lipo, miguu ipo, lakini ndani ni uwazi na utando utando. Utumbo umepasuka. Na yale maji ya kwenye glasi yalikuwa na ule weupe wa mchele.

Nimekaa pale nimeshika lenzi kwa muda mrefu. Kwa hiyo siku zote nne nililisha magamba. Nyama yote niliimwaga ndani ya beseni ikawa uozo.

Darubini

Ndiyo kaka. Umeliona kwa macho yako na mimi nilikuwa naogopa kukuambia.

Barafu inapoumbika inapasua seli. Ukishamrudisha majini, vilivyomo vinavuja. Waliopima wanasema ndani ya dakika kama 10 karibu nguvu yote ya vimeng'enya imeshatoka, na saa moja ikipita, zile amino asidi (vipande vidogo vinavyounda protini) zilizokuwa huru zimeondoka zote, pamoja na nyingi ya zile zilizofungwa. Watu wanakumbuka sentensi ya kwanza, ya vimeng'enya, wanasahau ya pili. Ya pili ndiyo iliyowaua vifaranga wako.

Amino asidi huru ndicho chakula ambacho hakihitaji kisu. Kimeshakatwa. Kifaranga asiye na tumbo anakipokea moja kwa moja, na zaidi ya hapo zinampa kongosho habari: utumbo ukionja amino asidi unatoa homoni, na homoni hiyo inaliambia kongosho limwage tripsini. Moina hai anaingia amebeba chakula laini, maji kama asilimia 90 ya mwili wake, na ameubeba ule ujumbe. Unga mkavu una maji kama asilimia 10 na ujumbe hafifu. Gamba tupu halina chochote. Ongeza kwamba moina hai anadunda, kifaranga anamwona na kumfukuza, na asipoliwa sasa ataliwa baadaye bila kuchafua maji. Wako walizama na kuoza, na maji machafu nayo yakachukua sehemu yake.

Utomvu wa papai tafadhali usithubutu. Huo haujui tofauti ya moina na mashavu ya kifaranga. Unakata protini yoyote, na kifaranga wa siku tatu ni protini tupu isiyo na magamba.

BwawaLangu

Dada samahani, naomba niwe mbishi kidogo kwa nia ya kujifunza. Unasema vimeng'enya vinavuja baada ya kugandishwa. Umeviona? Au ni maandishi tu?

Darubini

Swali zuri, na sikuchukulii vibaya. Jana nimefanya jaribio ambalo lolote kati yenu anaweza kulirudia.

Nilichukua picha ya eksirei ya zamani, ya mguu wangu mwenyewe. Ule weusi umeshikwa na tabaka la jelatini, na jelatini ni protini. Kitu chenye kimeng'enya cha kukata protini ukikiweka juu yake kitaila, weusi utatoka, utabaki ule plastiki wenye bluu. Nikaweka matone manne: moina hai waliosagwa, moina hai waliosagwa baada ya kuchemshwa, moina wa friji waliooshwa baada ya kuyeyuka kisha wakasagwa, na yale maji waliyoyeyukia. Nikafunika kwa kisahani, nikaacha kitambaa chenye unyevu pembeni yasikauke, sehemu ya joto jikoni, kwa muda wa saa tatu.

Nikasuuza kwa maji ya bomba. Tone la kwanza limeacha dirisha, unaona vidole vyako upande wa pili. Waliochemshwa hawakugusa kitu. Moina wa friji wameacha ukungu tu. Na yale maji waliyoyeyukia yametoboa dirisha karibu sawa na la kwanza.

Kimeng'enya hakikufa kwenye friji, BabaShani. Kilihamia kwenye maji ya beseni lako, kikaendelea kukata mabaki humo.

BwawaLangu

Nimesalimu amri. Natafuta picha ya eksirei.

MkulimaIgombe

Mwanangu Darubini, hili la picha nitalifanya na wajukuu. Lakini nirudi kwa BabaShani, maana jambo moja halijasemwa. Kijana wangu, wewe ulivuna maji yakiwa na wekundu. Moina akiwa mwekundu ni kwamba hewa ya majini imepungua, ndipo anatengeneza damu nyekundu ili apumue. Ni vizuri kujua hilo: siku hiyo pipa lilikuwa linakuomba uvune au upunguze hamira. Kijiko kidogo kimoja au viwili kwa pipa la lita 200 vinatosha, kisha usiongeze mpaka maji yaanze kuwa maangavu. Na akiba bora haiko kwenye friji. Akiba ni kuanzisha mapipa kwa kupishana siku mbili tatu, ili kila siku liwepo moja lililo tayari.

BabaShani_Ujiji

Asante mzee wangu, shikamoo. Hilo la kupishana ndilo nimelianza. Nina mapipa matano sasa.

Swali moja la mwisho kwa dada: ukubwa. Wengine wananiambia moina ni mkubwa mno kwa mdomo wa kambale wa siku tatu, niagize artemia.

Darubini

Artemia ni wazuri, wanatoka kwenye maziwa ya chumvi, mayai mengi yanayouzwa duniani yanatoka Great Salt Lake, Marekani. Mayai makavu unayatia kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa, baada ya saa 24 hivi wametoka. Wape vifaranga mapema, ndani ya saa chache. Kinda wa kwanza kabisa hana utumbo uliofunguka, anakula kiini chake mwenyewe, kwa hiyo kila saa unayochelewa unamlisha samaki wako artemia aliyekonda. Kwenye maji baridi hawadumu, baada ya muda wanakufa na kuoza. Na bei unaijua.

Moina ana watoto wadogo wasiofika nusu milimita, hao mdomo unawaweza. Pitisha kwanza kwenye chandarua, wadudu wabaya na watoto wa kereng'ende wanabaki juu. Kisha pitisha kwenye kitambaa cha pazia jepesi. Wakubwa wanabaki, warudishe pipani wakazae. Wadogo wanapita, hao ndio wa siku ya tatu na ya nne. Na kabla ya kuvuna, pipa liwe limelishwa saa chache nyuma, ili utumbo wao uwe umejaa. Unamlisha kifaranga moina pamoja na alichokula moina.

BabaShani_Ujiji

Wakuu, mrejesho. Nimezalisha tena, jike jingine. Safari hii nimetenga mabeseni mawili madogo pembeni ya lile kubwa. Moja nimelipa moina wadogo walio hai, jingine nikalipa wa friji waliooshwa, kidogo kidogo, na maji nikibadilisha kila mara ili nisisingizie uchafu.

Leo ni siku ya nane. La moina hai, wafu ni wa kuhesabu kwa vidole, na ukiingiza mkono wanakimbia wote kwa pamoja kama wingu. Ndevu zimeanza kuonekana. La friji wamebaki wachache, wembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili. Waliobaki nimewahamishia upande wa hai leo asubuhi, sikuwa na moyo wa kuendelea kuwatazama. Lile beseni kubwa nimeanza kulichanganyia unga kwa vidole viwili, na wanaupokea.

DagaaKibirizi

Alhamdulillahi. Kaka naomba mbegu ya moina. Nakuja jioni Ujiji.

MkulimaIgombe

Na mimi naomba, maana nilibaki na tangi moja nalo linasuasua. Darubini, je, nimpe BabaShani maji ya bwawa langu ajaribu kuwazoesha huko kwanza?

Darubini

Mzee wangu, maji yenye utando yasisafiri. Omba mbegu uje uzoeshe mwenyewe huko Tabora: sehemu moja ya maji ya bwawa kwa tisa za maji ya hamira, uongeze kila kizazi kikizaa. Wakiacha kuzaa, rudi nyuma.

BabaShani_Ujiji

Mzee, nitakutumia kwa treni, kuna kijana wangu anapanda keshokutwa. Nitaweka kwenye chupa ya lita moja na nusu, nusu maji nusu hewa, na sitawalisha siku hiyo ili wasimalize hewa njiani. Ukiipokea stesheni usiifungue juani. Ilaze kivulini, ifungue kifuniko, na uiache ndani ya tangi lako ikielea kama nusu saa kabla ya kuwamwaga.